Blighty: ndugu yake Ulaya aliyepotelea jeshini

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuniuliza kule kantini kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Ni msuli tu wa mitihani, halafu bumu likichelewa hata mawazo nayo yanakauka. Leo nimerudi na neno moja. Ndiyo, neno moja tu, ila safari yake ni ndefu kuliko ya basi la Dar kwenda Bukoba.

Neno lenyewe ni Blighty. Linatamkwa "blaiti". Nilikutana nalo kwenye semina ya fasihi ya Kiingereza, likaniaibisha mbele za watu, kwa hiyo haya mnayoyasoma ni kisasi changu.

Ilikuwa hivi. Tulipewa hadithi za askari wa Kiingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, kila kundi lieleze kipande chake. Kwenye kipande chetu kuna askari anatolewa mstari wa mbele akiwa ameumia mguu. Wenzake, badala ya kumpa pole, wanampongeza. Wanasema amepata "Blighty". Msemaji wa kundi nilikuwa mimi. Sasa kwetu tunalima nyanya, na neno "blight" nalijua tangu mdogo, limeandikwa kwenye makopo ya dawa: ni ule ukungu unaokausha majani, unalala na shamba la kijani unaamka na majivu. Nikajenga hoja yangu vizuri kabisa. Nikaeleza kwamba askari wale walisimama kwenye mahandaki yenye maji wiki nzima, kwa hiyo Blighty lazima itakuwa fangasi wa miguu. Nikatoa na mfano wa nyanya.

Mhadhiri akaniacha nimalize. Halafu akauliza kwa upole, "Na wenzake walikuwa wanampongeza kwa kupata fangasi?"

Jamani, kicheko kile nimekisikia mpaka bwenini. Nikakaa chini. Kesho yake nikaingia maktaba, na nilichokikuta huko ndicho kimenifanya nisahau aibu. Blighty haina udugu wowote na ukungu wa nyanya. Blighty ni ndugu yake Ulaya. Namaanisha hili neno letu la Kiswahili, Ulaya. Baba mmoja, mama mmoja.

Tuanzie kwa babu yao. Kwenye Kiarabu kuna mzizi wa herufi tatu, w-l-y, ambao maana yake ya asili ni kuwa karibu, kuandamana na kitu. Aliye karibu nawe anakulinda, anakusimamia, na mwisho anakutawala, ndiyo maana mzizi huo ukazaa maneno ya uongozi na ulinzi. Ukoo huo sisi tunaishi nao kila siku bila kujua. Walii, yule aliye karibu na Mungu, ni wa ukoo huo. Mola ni wa ukoo huo. Liwali, yule gavana wa Sultani kwenye miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, ni Kiarabu al-wali kilichoshikamana na kiambishi chake. Na wilaya, ile yenye DC na ofisi za kupigia mihuri, ndiyo wilaya yenyewe ya Kiarabu: eneo lililo chini ya mtawala. Hadi leo Oman imegawanywa kwa wilaya, na Algeria wanaita hivyo mikoa yao.

Kumbe Kiswahili kililichukua neno hilo mara mbili. Mara moja likawa wilaya, jambo la hapa hapa na la serikali. Mara nyingine likachakaa mdomoni likawa Ulaya, nchi ya mbali wanakotoka Wazungu. Sasa fikiria mwenyewe: neno ambalo mzizi wake ni kuwa karibu, likaishia kuwa jina la mbali kuliko kote.

Na haikuwa kwetu tu. Neno hilo hilo lilipita Uajemi likaingia kwenye lugha za Bara Hindi, likawa vilayat, na sehemu nyingine bilayat, maana v na b huko zinabadilishana. Waingereza wawili, Henry Yule na A. C. Burnell, waliandika kamusi kubwa ya maneno ya Kihindi yaliyoingia kwenye Kiingereza cha India, ikatoka mwaka 1886. Burnell mwenyewe hakuiona, alifariki 1882. Humo wanasema Waafghani walikuwa wakiita nchi yao wenyewe Wilayat, wakati huko India neno hilo hilo lilikuwa limekuwa jina la Ulaya ya mbali. Yaani kwa huyu ni nyumbani, kwa yule ni ugenini. Inategemea umesimama wapi.

Kutoka bilayat ukapatikana msemo wa kuelezea kitu chochote cha kigeni: bilayati. Nyanya, zilipofika India, zikaitwa bilayati baingan, bilinganya la Ulaya. (Mnaona nyanya hazikuwa mbali na ukweli? Nilikosea mlango tu.) Maji ya soda yakaitwa bilayati pani, maji ya Ulaya. Na Mhindi aliyekwenda kusoma Uingereza akarudi na suti na lafudhi, kwa Kibengali aliitwa bilat ferat, aliyerudi kutoka Bilat. Mwaka 1921 ilitengenezwa hata filamu ya vichekesho huko Bengal yenye jina hilo. Msicheke, na sisi tunao wa kwetu. Anakaa miezi sita majuu, akirudi anasahau jinsi ya kumenya muwa.

Sasa anaingia askari. Uingereza ilikaa India muda mrefu, kwanza kwa kampuni ya biashara, halafu kuanzia 1858 kwa taji lenyewe, mpaka 1947. Kijana wa Kiingereza aliyejiunga na jeshi aliweza kupelekwa huko akakaa miaka. Alikuwa maskini mara nyingi, shule kidogo, na Kihindustani alikiokota sokoni, kambini, kwa dobi na kwa muuza chai. Akichukua neno analitamka anavyojua yeye. Ile kamusi ya Yule na Burnell inaitwa Hobson-Jobson, na jina hilo lenyewe ni ushahidi. Askari waliwasikia waombolezaji wa Muharram wakilia "Ya Hasan, ya Husein!", masikio yao yakalifanya jina la Waingereza wawili, Hobson na Jobson. Kama kilio kile kiliweza kugeuka hivyo, bilayati ingeponaje? Irabu ya kwanza ikamezwa, mwisho ukafupishwa, ikawa Blighty. Lile neno la Kiingereza la ukungu likaja kulifanana kwa bahati tu, likawategea mtego wasemaji wa makundi kama mimi.

Askari hao walibeba mengi kwenye mabegi yao. Kaki, nguo ya rangi ya vumbi, ilitoka huko, kutoka neno la Kiajemi la vumbi. Kikaratasi cha ruhusa walikiita "chit", na sisi tukachukua kutoka India hiyo hiyo tukapata cheti. Ndiyo maana nasema lugha hazina pasipoti.

Lakini kuna kitu Blighty ilifanya ambacho kaki na cheti hazikufanya. Iligeuka mwelekeo. Kinywani mwa Mhindi, bilayati ni cha kwao wale, cha wageni. Askari wa Kiingereza akalichukua neno la mwenzake la kumwita yeye mgeni, akaita nalo nyumbani kwao. Ni kama mtu aende mbali, asikie wenyeji wakisema "huyu ni wa kule", naye usiku akilala aanze kupaota: kule, kule, kule. Nyumbani ukiwa nyumbani hakuhitaji jina la mapenzi. Nani anayekaa sebuleni kwao akaimba kuhusu sebule? Jina la mapenzi huja ukiwa mbali, na ajabu ni kwamba mara nyingi unalipata kwa wageni.

Kisha ikaja 1914, na neno la askari wachache wa India likawa la taifa zima. Vijana mamilioni walijikuta kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, matope, panya, chawa, mizinga mchana na usiku. Toka pale hadi pwani ya Uingereza si mbali, siku nyingine mizinga ilisikika hadi kusini mwa Uingereza. Karibu hivyo, lakini huwezi kwenda. Mwaka 1916 ukatoka wimbo wa mtu anayeomba arudishwe Blighty, ukaimbwa kila mahali. Mwaka huo huo likaanza na jarida la kuwachekesha askari, nalo likaitwa Blighty.

Ndipo maana ya pili ikazaliwa, ile iliyonitia aibu darasani. Maana tiketi ya kwenda nyumbani ilikuwa moja tu iliyokubalika na wakubwa: kuumia. Likizo zilikuwa chache, na kutoroka kulikuwa kosa la kupigwa risasi. Ila ukipata jeraha la kukutosha kupelekwa hospitali Uingereza, lakini lisilokuua wala kukulemaza maisha, hilo ndilo lililoitwa Blighty. Risasi iliyopita kwenye nyama ya paja. Kidole kilichokatika. Askari aliyebebwa kwenye machela akitabasamu, wenzake wakimwangalia kwa wivu, huyo alikuwa amepata Blighty. Neno lililokuwa jina la nchi likawa jina la kidonda.

Na si Waingereza tu. Wajerumani upande wa pili wa waya walikuwa na neno lao, Heimatschuss, risasi ya kwenda nyumbani. Wafaransa walisema jeraha zuri. Wamarekani kwenye vita ya pili wakaliita jeraha la dola milioni. Watu waliokuwa wanauana wakaota ndoto moja, kila mmoja kwa lugha yake. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kidogo.

Wapo ambao hawakuweza kungoja. Walijipiga wenyewe risasi ya mkono au mguu, wengine wakipitisha risasi kwenye mfuko wa mchanga ili ngozi isionyeshe alama ya baruti. Daktari akigundua, ni mahakama ya kijeshi. Maelfu walitiwa hatiani kwa kosa hilo katika jeshi la Uingereza. Tafakari hesabu anayoipiga mtu usiku akiwa na bunduki yake mwenyewe: kidole gani nitoe ili nimwone mama.

Sasa hapa naomba niwe mkweli kwenu, maana ndiyo sababu neno hili halijaniacha.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja mbali, sitaitaja. Nilifundisha Historia kidato cha pili, mikondo miwili. Nyumba tuliyopewa haikuwa na maji, mshahara wa wanaojitolea mnaujua (haupo), na usiku upepo ulikuwa unapiga bati mpaka unahisi uko baharini. Wiki ya tatu nikaugua malaria. Si malaria ya kutisha. Joto, kichwa, kutapika mara mbili. Zahanati wakanipima, wakanipa dawa na karatasi ya mapumziko ya siku kumi. Wadau, nikiwa nimekaa kwenye lile benchi nikitetemeka, niliisoma ile karatasi nikajisikia furaha. Furaha kabisa. Alfajiri ya siku ya pili nikapanda basi kwenda kwa mama, na njiani nilikuwa natabasamu peke yangu dirishani.

Siku ya tano nilikuwa mzima. Nilikaa wiki tatu.

Mwenzangu tuliyepangwa naye anafundisha Hesabu. Vipindi vyangu akawa anaingia kuwasimamia tu wasipige kelele, juu ya vipindi vyake mwenyewe, na hakunisema kwa mtu. Niliporudi nikaomba madaftari nikague. Msichana mmoja anayekaa dawati la mbele, daftari lake liliishia tarehe ya kipindi changu cha mwisho, halafu kurasa sita tupu, halafu kurasa sita hizo zimepigwa mstari wa pembeni kwa rula, kila moja, kwa penseli, zikingoja. Nikamwuliza hizi za nini. Akasema, "Nilikuachia nafasi mwalimu, ili ukirudi tuandike tulipoishia."

Sikuwa na la kumjibu. Niliandika ubaoni.

Kwa hiyo nilipokuja kujua Blighty ni nini, nilijua mara moja kwamba ninayo. Ilikuwa karatasi ya zahanati yenye muhuri wa bluu. Na nikajua kitu ambacho vitabu vinakisema kwa haraka: anayepata Blighty anaondoka, ila handaki linabaki na watu.

Wapo walioondoka wakarudi. Mshairi Wilfred Owen alipatwa na mshtuko wa vita 1917, akapelekwa hospitali Scotland, salama kabisa. Angeweza kubaki. Mwaka 1918 alirudi Ufaransa, akauawa tarehe 4 Novemba, wiki moja kabla ya vita kusimama. Sisemi alifanya vema au vibaya. Nasema tu alirudi.

Na wapo ambao Blighty haikuwahi kuwa yao, ingawa neno lilitoka kwao. Hili ndilo lililonichoma kuliko yote. India ilipeleka Ufaransa askari na watumishi zaidi ya 130,000. Vikosi vya kwanza vilishuka Marseille kuanzia Septemba 1914, vikakutana na baridi vikiwa na nguo za joto. Machi 1915 walipigana Neuve Chapelle. Waliojeruhiwa wengi walipelekwa Brighton, mji wa pwani wa Uingereza, na kuanzia Desemba 1914 baadhi wakalazwa ndani ya Royal Pavilion. Hilo ni jumba ambalo mfalme mmoja wa Kiingereza wa karne ya 19 alilijenga kwa kuiga majumba ya India, lina kuba kama la sultani. Walipewa majiko tofauti kufuatana na dini zao, picha zikapigwa, kadi zikauzwa.

Tazama kilichotokea hapo. Mwingereza akipata jeraha anapelekwa Blighty, yaani kwao. Mhindi akipata jeraha anapelekwa Vilayat, yaani kwa wenyewe. Ni neno lile lile na bandari zile zile, ila mmoja amefika, mwingine amezidi kupotea. Kutoka kwenda mjini kulidhibitiwa. Na kilichowauma zaidi, kinaonekana kwenye barua zao ambazo wakaguzi wa jeshi walizisoma na kuzinakili, ni kwamba waliopona walirudishwa vitani badala ya kurudishwa India. Wahindu na Masingasinga waliofia hospitali za Brighton walichomwa kwa desturi yao juu ya vilima vya nje ya mji. Walikuwa 53. Mwaka 1921 pakazinduliwa hapo mnara mweupe wenye kuba, unaitwa Chattri, na upo hadi leo.

Mnasema hayo ni ya Wahindi na Waingereza, sisi tunaingiaje? Tunaingia kwa mlango wa Tanga. Novemba 1914 jeshi la askari kama 8,000 kutoka India, lenye Wahindi wengi na Waingereza, lilishuka Tanga kuitwaa kutoka kwa Wajerumani wa Lettow-Vorbeck na askari wake Waafrika, ambao hawakufika hata robo ya idadi hiyo. Likapigwa, na nyuki nao wakaingia vitani, wakarudi melini. Kwenye ufukwe ule walikuwepo watu wanaosema Ulaya, watu wanaosema Vilayat, na watu wanaosema Blighty. Ndugu watatu wa tumbo moja kwenye mchanga mmoja, na hakuna aliyewatambulisha.

Na vita ile ilituachia jina letu la mjini. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wao waliwekwa kambi mahali fulani. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Sisi tukasema Kariakoo. Nairobi wakasema Kariokor. Wapagazi walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kwao kuumia hakukuwa tiketi ya popote. Nenda Posta pale barabara ya Samora ukaitazame ile Sanamu ya Askari ya mwaka 1927: ameshika bunduki, bayoneti mbele. Mwenye mzigo hayupo juu pale. Askari wa Kiingereza vita ilimwachia neno la nyumbani. Sisi ikatuachia neno la mzigo, na leo tunanunua humo viatu vya mtumba na kubishana bei.

Siku hizi Blighty limezeeka. Waingereza wanaoishi nje hulitumia kwa utani wakitamani chai na mvua za kwao. Kati ya 2009 na 2013 kulikuwa hata na kituo cha televisheni Uingereza chenye jina hilo. Maana ya kidonda imebaki vitabuni. Vijana wao wengi ukiwaambia hilo ni neno lenye babu wa Kiarabu na malezi ya India watakuangalia kama nilivyoangaliwa mimi na nyanya zangu.

Sisi nasi tunalo la kwetu, wala halijatoka mbali. Bongo. Mji ambao ukikosa ubongo huli, watu wakaupa jina la hicho kinachokuokoa, likaenea likawa nchi nzima. Mtu akiwa Dar analisema kwa kulalamika, "Bongo hii bwana!" Akiwa majuu, kwenye baridi, analisema neno hilo hilo na macho yanalowa. Hakuna herufi iliyobadilika. Kilichobadilika ni mahali aliposimama, kama Waafghani na Wahindi na ile Wilayat yao.

Basi wadau, hilo ndilo neno langu. Semina ijayo nimeomba tena kuwa msemaji wa kundi, mhadhiri kacheka kakubali. Na mwezi ujao tunapangiwa tena shule. Kuna mtu kaniambia zipo njia za kuomba upangwe karibu na nyumbani, karatasi ya daktari inasaidia. Nimemshukuru. Nimejaza ile shule ya mwanzo. Yule msichana sasa yuko kidato cha tatu, na zile kurasa sita tulijaza nne tu.

Haya, ngoja niwahi foleni ya ubwabwa kabla maharage hayajabaki mchuzi. Tupo pamoja.